Sikio la Nakori

Jumatatu, 7 Julai

Nimempima tena Nakori kwa kamba ya mbuzi. Pua mpaka mkia. Kucha mpaka ncha ya sikio. Hatulii. Anadhani ni mchezo, anaikamata kamba kwa meno na kukimbia nayo.

Kazi hii nimepewa mimi na si mtu mwingine. Akiru, mtoto wa marehemu dada yangu, anahamia Ujerumani kuuguza wagonjwa wa huko. Mbwa wake anakwenda naye. Kwa ndege. Kakuma nzima inacheka. Mtu anauza mbuzi apate nauli ya kufika Kitale, na mbwa anakwenda Ulaya.

Wacheke. Ndege mimi nazijua. Nilipakia ndege za misaada uwanja wa Loki miaka ile, na kulikuwa na rubani haondoki mpaka nimpungie mkono. Bila mkono wangu, injini haiwaki.

Na huyu si mbwa wa kuchekwa. Mwaka wa ukame alifukuza fisi watatu zizini, peke yake. Dada alipofariki alilala mlangoni kwa Akiru mpaka msichana akaanza kula tena. Hilo nililiona kwa macho yangu. Akimwacha hapa, atafika huko nusu mtu. Ndege nazijua, lakini hilo nalijua zaidi.

Jumatano, 9 Julai

Majok amemaliza sanduku. Huyu ni seremala wa kambi ya wakimbizi, mtu wa Sudan Kusini, nusu ya kambi wanalala juu ya vitanda vyake. Nilimpa sheria ya ndege kama nilivyoelezwa na Akiru: mnyama asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke bila kujikunja, hewa ipite pande zote. Majok akatoboa matundu kama ya chujio. Kazi safi. Kitanda changu hakijafika hapo.

Akaniuliza sanduku ni la nani. Nikamwambia ni la abiria. Akasema kwao ng'ombe anaweza kupewa heshima hii. Mbwa, hapana. Nikamwambia hata kwetu, hapana. Tukalitazama sanduku.

Bado nafikiria ile damu. Miezi iliyopita daktari wa mifugo Lodwar alimtoa Nakori damu kidogo, ikapelekwa maabara ya Ulaya kuona kama chanjo ya kichaa cha mbwa imeshika. Damu ya mbwa wa Kakuma ikapanda ndege, ikavuka bahari, ikaulizwa maswali, ikajibu. Majibu yakarudi mazuri. Mwenye damu wakati huo yuko chini ya kitanda changu anatafuna kwato. Hili silimalizi kichwani. Kila nikilala linaanza upya.

Ijumaa, 11 Julai

Nakori hataki sanduku. Ananusa mbao, anarudi nyuma yangu.

Nikaingia mwenyewe nimwonyeshe. Kichwa kikapita, mabega yakakwama. Mke wangu Nawoi akatoka jikoni, akasimama, akaniangalia makalio.

"Baba Ewoi," akasema, "na wewe umepata chanjo?"

Majirani walisikia. Hilo litakaa mpaka nizikwe.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Nilipotoka, Nakori akaingia kunitafuta. Nikamtupia shuka langu kuukuu. Akalizunguka, akalala, akapiga miayo. Sasa hataki kutoka. Nani mwingine Turkana hii amemfundisha mbwa kusafiri? Hakuna.

Jumapili, 13 Julai

Nimefanya jambo la maana leo. Sijamwambia mtu.

Nakori ana kitu shingoni, chini ya ngozi, kidogo kama punje ya mchele. Daktari alikidunga kwa sindano. Ukipitisha kimashine juu yake kinalia, namba inatokea, na namba hiyo dunia nzima ni ya Nakori tu. Nilipoiona nilivua kofia.

Lakini haionekani. Hapo ndipo ninapokataa. Kwetu mnyama asiye na alama akivuka hata mto mkavu, ni wa atakayemkuta. Ng'ombe wa baba yangu wakipotea mpaka Nadapal, mtu wa Nadapal anatazama sikio, anajua ni wa ukoo gani, anajua atamtafuta nani. Sasa huyu avuke bahari akiwa mtupu, kama wa kuokotwa? Huko Ulaya nani anatembea na kimashine mfukoni?

Baada ya kanisa nikanoa kisu. Sikio la kushoto, mapengo mawili, kama mbuzi wetu wote. Alilia mara moja. Kisha akanilamba mkono uleule.

Ni zawadi yangu kwa Akiru. Atafurahi.

Jumatatu, 14 Julai

Hakufurahi.

Alikuja jioni kutoka zahanati ya kambini, bado na sare ya kazi. Nakori akamkimbilia. Akiru akaona sikio. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliliosha, akalifunga kitambaa, ndipo akaniambia. Mnyama mwenye kidonda hapandi ndege. Daktari hatatia sahihi. Wanasafiri mwisho wa wiki ijayo, kazi yake haingoji, na akishakwenda hajui atarudi lini kumchukua.

"Mjomba, karatasi zake nimezihangaikia nusu mwaka," akasema. "Wewe umezimaliza kwa kisu."

Akaenda. Hata kuaga, hakuaga.

Nawoi amenipa chakula bila neno. Mke wangu akikosa neno, jua ni mbaya.

Mimi ni mjinga. Nimeliandika ili nisilisahau.

Jumanne, 15 Julai

Tumefika Lodwar na Nakori, nyuma ya pikapu ya mtu wa samaki. Joto la kuchoma mawe. Akiru alikaa mbele na dereva.

Daktari ni mama wa hapahapa, maneno yake machache. Akafungua kitambaa. Akauliza ni nani amefanya hivi. Ulimi wangu ukatangulia, nikasema fisi. Akatazama yale mapengo mawili, yamekaa sawa kama meno ya msumeno.

"Fisi huyu ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Nifanye nini.

Hakucheka. Akasema nimrudishe Jumatano ya wiki ijayo. Akikuta kidonda kimefunga na kukauka, anatia sahihi. Akikuta kimevuja, hatii, hata aje chifu. Nisipake mafuta ya kondoo. Nisipake majivu. Maji ya chumvi tu. Asijikune, nzi wasitue. Hayo mawili ndiyo kazi.

Kuzuia nzi Turkana. Afadhali angeniambia nizuie upepo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekata dumu la manjano la mafuta ya msaada, nikatoa kitako na mdomo, nikamvisha Nakori shingoni asifikie sikio kwa kucha. Kingo nimezizungushia kitambaa. Anagonga kila kitu. Mlango, sufuria, miguu ya Nawoi. Watoto wa jirani wanamwita tarumbeta.

Maji ya chumvi asubuhi, mchana, jioni. Nafukuza nzi kwa mkia wa ng'ombe kama mzee aliyekalia kesi. Wazee wa baraza wamenitumia mtu kuuliza kama ninaumwa. Nimemwambia niko kazini.

Akiru hajaja.

Jumapili, 20 Julai

Damu tena.

Nilisinzia kidogo baada ya chai. Kidogo tu. Dumu likateleza, akalikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Tone moja kwenye mchanga, kisha lingine. Nikalitazama kama mtu anayetazama nyumba yake inaungua.

Sikwenda kanisani. Nilikaa kivulini na kichwa chake mapajani, nikishika ile miguu isisogee. Nikaomba. Kwa Mungu wa kanisani, na kidogo kwa Akuj wa baba yangu. Nadhani ni mmoja, lakini leo sikutaka kubahatisha.

Mchana Akiru akaingia. Akaona damu, akaniona mimi. Akakaa upande wa pili wa mbwa, akashika miguu ya nyuma, mimi nikashika ya mbele.  Kivuli kikahama, tukahama nacho, watatu, kama ng'ombe.

Mwisho akasema, "Mama angekata pia."

Nikafukuza nzi.

"Angekata yote mawili," akasema. Na nikaona anacheka, ingawa machozi yalikuwa yanashuka.

Sijawahi kusamehewa hivyo. Naogopa zaidi sasa kuliko mwanzo.

Jumatano, 23 Julai

Lodwar. Daktari aliinua sikio juu, jua likapita nyuma yake. Ngozi nyembamba, nyekundu, mishipa inaonekana kama mito ya kwetu ikiwa na maji. Akapapasa pengo la kwanza. Akapapasa la pili. Akabonyeza. Nakori akatulia kama mtu anayepigwa picha. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta.

Nje mtu alikuwa anauza maji. Nilimsikia akipita, akirudi, akipita tena.

Daktari akavuta karatasi. Akaandika. Akagonga muhuri.

Muhuri una sauti ndogo sana. Nilitegemea kitu kikubwa, kama radi.

Nje Akiru akaniambia nitafute shati safi. Ameninunulia tiketi. Nakori hawezi kutulia bila mimi, nitawasindikiza kwa ndege mpaka Nairobi, kurudi nitarudi kwa basi. Nikamjibu vizuri tu, kwamba ratiba yangu inaruhusu. Kisha nikaenda nyuma ya ofisi nikasimama peke yangu.

Ijumaa, 25 Julai

 Niandike kabla safari hii haijatoroka kichwani.

Uwanja wa Lodwar. Sanduku la Majok likawekwa nyuma ya viti, limefungwa kamba. Kijana wa mizigo akasifu matundu. Nikamwambia aliyemo ndani amefukuza fisi saba. Nikakalishwa dirishani, nikafungwa mkanda. Nimepakia ndege nyingi. Kumbe aliyepakia na aliyepakiwa si kitu kimoja.

Ikakimbia. Ikaacha kugusa. Sikusikia ikiacha. Ni tumbo lililojua.

Halafu nikatazama chini.

Mto Turkwel. Ule mto ambao nimeuvuka nikiwa na ndama begani, maji shingoni. Uzi. Uzi wa kijani umeangushwa juu ya ngozi kavu, miti ya mikoma pembeni kama manyoya. Mabati ya Lodwar, punje za chumvi. Mlima tunaouzunguka kutwa nzima tukifuata mbuzi, kichuguu. Ndege ikainama, na upande ule, ziwa. Ziwa lote. Rangi sina jina lake, kwa Kiswahili wala kwa kwetu. Kule mto Kerio unapoingia, nilipovua samaki ujanani, kidoa cha matope tu. Ningeweza kukifunika kwa ukucha.

Baba yangu alitembea nchi hii maisha yake yote, akafa hajaimaliza. Mimi niliimaliza peremende niliyopewa ndegeni ikiwa bado mdomoni.

Nilitaka kumwambia Akiru jambo. Sikupata la kusema. Mimi. Sikupata.

Akanishika mkono mpaka mawinguni. Nyuma yetu Nakori hakubweka hata mara moja. Nafikiri na yeye alikuwa anasikia kwa tumbo.

Jumamosi, 26 Julai

Nairobi. Baridi. Upande wa mizigo, ghala kubwa kuliko kanisa lolote nililowahi kuingia.

Mkaguzi akapitisha kimashine shingoni. Kikalia. Namba ileile ya Lodwar, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayetaja jina lake mbele ya wageni bila kuogopa. Nikavua kofia tena.

Akaona sikio. Akauliza. Akiru akanitazama nijibu mimi. Nikasema punje ni ya serikali, sikio ni la nyumbani. Akaandika kitu, sijui nini, akapitisha.

Shuka langu limebaki ndani. Niliingiza vidole kwenye matundu, akavilamba. Gari la kunyanyua mizigo likaja, likaliinua sanduku taratibu, likaenda nalo. Nakori aliniangalia mpaka kona.

Akiru akanikumbatia. Shingo yake inanuka sabuni ya dada yangu. Nilimwambia huko akijikunja kwa baridi amwite mbwa alale miguuni. Akasema ejok, yaani sawa, mjomba. Akaenda kwenye mlango wa abiria.

Ndege yao nilishindwa kuitambua. Zilikuwa nyingi. Nikaipungia kila iliyoruka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimerudi kwa basi. Vumbi. Mgongo.

Niliwaeleza wazee wa baraza nilichoona angani. Uzi, kichuguu, ziwa lote dirishani. Sikuongeza kitu, hakukuwa na pa kuongeza. Hawakuamini. Wakaniomba niwape ile ya fisi. Nikawapa, sasa wako tisa.

Akiru ametuma picha kwa simu ya Nawoi. Nakori kwenye majani mabichi, majani mpaka mwisho wa picha, hakuna jiwe hata moja. Amesimama kama mwenye shamba. Sikio la kushoto limeinuka, mapengo yote mawili yanaonekana. Mzee jirani wa huko, anasema, aliuliza kwa huruma ni nani aliyemuumiza mbwa. Akiru akamjibu hakuumizwa, ana kwao.

Nimemwomba Nawoi anisomee tena hapo. Amenisomea.

Asubuhi nimetia alama wanambuzi wawili. Kisu kilekile. Nilikwenda polepole, na baadaye nikawaosha kwa maji ya chumvi. Nawoi aliniona, akarudi jikoni.

Nikampigia Nakori mluzi tutoke na mbuzi. Nikakumbuka. Tukatoka hivyohivyo.

Ndege imepita juu, inaelekea Loki. Mbuzi hawakuinua kichwa. Mimi nilisimama mpaka sauti ikaisha.