Fundi Samahani Haombi Nyumbani

Kosa la wengi wanaoniandikia ni kudhani kwamba kuomba ruhusa ni adabu ya wageni, na kwamba mtu akishakuwa wako, maswali yamekwisha. Barua ya leo imetoka kwa mtu anayeomba ruhusa mara hamsini kwa siku, kisha jioni anafunga duka na kuifungia ruhusa humo ndani pamoja na cherehani. Nimeiacha kama alivyoiandika, karibu pumzi moja.

*

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba msaada wa haraka kwa sababu kitambaa kimetandikwa mezani na mkasi uko mkononi na sijui nikate au nisikate. Mimi ni fundi wa nguo za kike, wateja wananiita Fundi Samahani, kwa sababu marehemu baba aliyenifundisha kazi alinionya kwamba mwanamume anayepima wanawake ana mikono miwili na jina moja, na jina likichafuka mikono haina kazi, kwa hiyo sijawahi kupitisha tepu kwa mtu bila kusema samahani mama, naomba mabega, samahani dada, nipime kifua au utashika tepu mwenyewe, na mteja akisita kidogo tu nampa tepu ajipime, ndiyo maana hata wanaume wenye wivu huwaleta wake zao kwangu wenyewe.

Sasa nyumbani. Nina mke, tuna miaka tisa ya ndoa na watoto wawili, na yeye anakaa dirisha la kadi kwenye zahanati, ndiye anayekuandika jina ukifika unaumwa, na mimi sijawahi kumpiga wala kumtukana, nachota maji, napeleka watoto shule, ila nakiri kwamba mambo ya chumbani sijawahi kumuuliza, nikijisikia hamu nanyoosha mkono, akinyamaza naona tumeelewana, akinigeuzia mgongo nasema huyu amechoka tu, atachangamka, naendelea, na hata akiwa anapika napita namshika kiuno, akisema baba watoto, nitaungua, mimi nacheka. Nilipomwambia jirani yangu wa duka, kinyozi, kwamba mke wangu siku hizi amekuwa mkimya, alisema, "Mke haombwi, fundi. Ukianza kuomba hilo, kesho utaomba mpaka chai." Nikaona ana hekima.

Mwezi uliopita mke wangu aliniwekea kijitabu juu ya cherehani, cha muuguzi wa zahanati ambaye kila Alhamisi alasiri anakaa na wanandoa kwenye ukumbi wa nyuma kuzungumza mambo haya haya, akasema, "Soma, halafu tuongee, na Alhamisi twende wote." Mshauri, sitakudanganya, jalada lake lilikuwa gumu na kurasa zake nzuri, na siku hiyo nilikuwa nimeishiwa kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola, nikakikatakata nikakitumia. Kola zilikaa vizuri sana. Aliponiuliza nimesoma nini, nilikuta kimebaki kipande kimoja chenye maneno mawili, Muulize mwenzako, mengine yote yamekwenda na shingo za wateja.

 Jumamosi mchana duka limejaa, nikaita anayefuata, nikainua macho, ni yeye, ameshika kitambaa cha bluu kama mteja mwingine yeyote. Watu wanatazama, nikaona aibu kumpima tofauti na wengine, nikaanza kama kawaida.

"Samahani mama, naomba mabega."

"Chukua."

"Nipime kifua?"

"Pima."

"Kiuno je?"

"Kiuno sawa."

"Nyonga?"

"Nyonga, hapana."

Nikashusha tepu papo hapo, nikasema, "Sawa mama," nikauacha mstari wa nyonga wazi kwenye daftari. Wanawake wakacheka, mmoja akasema, "Fundi, hata mkeo unamwogopa?" Yeye hakucheka. Akaniambia polepole, "Baba watoto, miaka tisa. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekwambia hapana na mkono wako ukarudi. Kumbe unajua." Akaniachia kitambaa, akachukua watoto, akaenda kwa dada yake, mtaa wa pili, akasema atafikiria kurudi siku nitakayojua nyumbani ninachokijua dukani.

Leo ni siku ya tano, nyumba imekuwa kubwa, nakula nimesimama. Kinyozi anasema nisihangaike, atarudi mwenyewe. Mimi nimewaza hivi, nyonga zake nazijua, nikizikadiria sikosei hata nusu inchi, nishone gauni liishe, nilipige pasi, nimpelekee, afurahi, arudi. Nikate?

*

Marahaba, mwanangu. Weka mkasi chini. Uweke kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mkeo amekwambia hapana kwenye nyonga, mbele ya mashahidi, na siku ya tano unaniuliza kama unaweza kuzikadiria. Huo ndio ugonjwa wenyewe, safari hii umepigwa pasi na kufungwa kama zawadi. Na ubaya ni kwamba gauni lingemkaa sawasawa. Angelivaa mbele ya kioo akaona kwamba hata akikataa, wewe utatafuta njia nyingine ya kufika pale pale.

Ungekuwa hujui, ningekufundisha taratibu, maana kufundisha napenda kuliko kula. Lakini wewe unajua. Mteja usiyemfahamu akivuta pumzi kidogo tu, unamwelewa, mkono unarudi. Mkeo alikugeuzia mgongo, mgongo mzima, nawe ukasema amechoka tu. Fundi, kazi yako ni migongo.

Hapa sitanii. Ulipoendelea ilhali mwenzako amekugeuzia mgongo, ulimkosea, na kosa hilo halipungui kwa kuwa mlifunga ndoa. Cheti cha ndoa kinasema mnaishi pamoja, hakisemi mwili wake ulikabidhiwa. Wengi wanaamini kwamba kunyamaza ni kukubali. Mtu hunyamaza kwa uchovu, hunyamaza kwa woga, na wapo wanaonyamaza kwa sababu walishasema wakaona hawasikiki. Mkeo alikwambia ataungua, ukacheka. Ulitaka aseme kwa lugha gani?

Nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Mteja wako wa miaka kumi akija na kitambaa kipya, unampima upya au unashona kwa vipimo vya zamani? Unampima, kwa sababu mwili wa leo si wa mwaka jana. Ruhusa nayo ni hivyo, ya jana haishoni ya leo. Na mteja akibadili mawazo tepu ikiwa tayari imemzunguka, humwambii "tumeshaanza, vumilia". Unaiachia. Basi hivyo hivyo. Hakuna elimu nyingine kubwa zaidi ya hiyo kwenye kile kijitabu ulichokivalisha watu shingoni, na ule mstari uliobaki ndio kiini chake. Mungu ana mzaha wake.

Sasa huyu kinyozi. Mwache anyoe. Yeye akikosea, nywele huota tena, ndiyo maana anashauri kwa ujasiri. Anasema utaomba mpaka chai, kana kwamba kuomba chai ni msiba. Marehemu mume wangu aliniomba chai kwa miaka thelathini na minane na sikuona amepungua hata inchi. Nami nilimwomba yeye, na si chai peke yake. Vijana mnafikiri swali linaua hamu. Swali ndilo linalompa mwenzako nafasi ya kutaka. Mtu asiyeulizwa hana anachokitaka, ana anachokivumilia tu. Huenda mkeo ana mambo ya kukuambia ambayo yangewafurahisha nyote wawili, ila kwa miaka tisa hukumwachia mlango wa kuyapitisha.

Huenda pia kuna maumivu, au hofu ya mimba nyingine, au kazi zimemlemea. Hayo yote yana maelezo na mengine yana dawa, na muuguzi yupo. Alhamisi nenda ukumbini, hata kama utakwenda peke yako. Mwombe kijitabu kingine na umweleze habari za kola. Atacheka, ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Ukikutana na mkeo, usiende na zawadi wala usiwatume watoto. Mwambie ulichofanya, ukiite kwa jina lake halisi: "Ulinigeuzia mgongo nikaendelea. Nilikukosea. Sitafanya tena." Usibandike "lakini" mwishoni, neno hilo ni uzi mbovu, hufumua mshono wote. Usimuulize atarudi lini. Akikwambia leo hataki kuzungumza, jibu "sawa mama" kwa sauti ile ile ya dukani, kisha ondoka. Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Kurudi kwake ni kwake, kama nyonga zake. Ninachojua ni kwamba mwanamke aliyekwishakata tamaa hapangi foleni Jumamosi mchana ili umpime. Alikuja kukuonyesha kwamba unaweza.

Mstari wa nyonga uache wazi. Leo kikunje kitambaa bila kukikata, kipeleke kwa shemeji yako, bisha hodi, na usivuke kizingiti mpaka mkeo mwenyewe aseme karibu.