Kopo la Fundi Viatu

Dada Zuhura,

Shikamoo. Kariakoo nimeshaizoea mpaka wenyeji wananiuliza mimi njia! Leo tajiri mmoja Mhindi, muuza khanga, kanialika chai dukani kwake, kumkumbuka yule kiongozi wao wa uhuru aliyepigwa risasi akienda kusali. Picha yake kaivisha maua. Tajiri machozi yanamtoka: "Alitaka tuwe kitu kimoja, wenzetu wenyewe wakamuua!"

Kumbe barazani fundi viatu, Mhindi mwenzao ila wa ukoo wanaouita duni, anakunywa kwenye kopo la bati. Glasi za dukani haruhusiwi kuzigusa. Mimi na mdomo wangu: "Sasa bwana, marehemu alisema fundi anywee nje?"

Mama yake tajiri akafoka kwa Kigujarati. Tajiri akatoka, akalichukua lile kopo, akanywa chai iliyobaki, kisha akampa fundi glasi aliyokuwa akinywea yeye. Fundi akaipokea kwa mikono miwili.

Nikataka kujisifu, dada, nikakumbuka kikombe chetu kilichovunjika mkono, tulichomtengea Mzee Mrisho mchimba vyoo. Kitupe. Nikirudi tutakunywa naye kwenye vile vya maua.

Wabusu watoto.
Nduguyo mpenzi,
Bakari wa Mjini