Fundi Aliyetafuta Mchwa

Mjukuu wangu Saidi, mume wangu, hujambo huko Pemba? Huku Kionga sote wazima, mbuzi kazaa mapacha. Mie nasema, Amina anaandika.

Unauliza katika wachoraji wawili wa ramani za majengo yupi umpe kazi ya nyumba ya kutunzia karatasi za serikali. Nilipokuwa mwali, baba aliita mafundi wawili waje kutujengea nyumba. Wa kwanza akasifia baraza atakayotujengea. Wa pili akapiga magoti, akachimbachimba: "Mzee, mchwa wenu wanapita wapi?" Tukamcheka, "Huyu kaja kuposa mchwa!" Baba akamchukua huyohuyo, akatujengea msingi wa mawe usiopitisha mchwa.

Juzi watu wa kampuni ya gesi walikuja kuuliza shamba letu la minazi ni la nani. Tukafungua kasha lililomo nyumba hiyohiyo: karatasi ya baba ya kumiliki shamba iko nzima, haina hata tundu! Nikalia kwa raha.

Basi wapeleke wachoraji wako kiwanjani, unyamaze, uone nani atainama.

Bibi yako