Taa ya Ofisi Ilikuwa Inawaka

Mzee Komora,

Nakuomba, haya ninayokuandikia yabaki kwako hadi Alhamisi. Usimjie mtu ndotoni ukamwambia. Baada ya hapo hayatakuwa siri, ila leo bado naogopa.

Mzee, ni mimi niliyeunguza mota ya pampu ya maji ya mashamba.

Asubuhi ile ulikwenda kliniki Hola. Uliniachia ufunguo wa kibanda cha pampu ukasema, "Karani, upepo wa jana umetikisa nyaya. Usiwashe mpaka nirudi nipime laini zote tatu za stima." Nikaitikia. Saa nne wakulima wakanijaa mlangoni. "Mpunga unakauka na wewe umekalia kiti!" Mmoja akacheka, "Mwacheni, huyu anajua kalamu tu. Swichi inamtisha."

Nikatazama taa ya ofisi. Ilikuwa inawaka. Nikajiambia, basi stima ipo.

Niliwasha. Mota iliguna bila kuzunguka, kisha swichi ikajikata. Nikairudisha. Ikakata tena. Mara ya tatu nilikunja karatasi ya ofisi niliyokuwa nimeiandika, nikaibana nayo swichi isiruke. Haikupita muda, harufu ya kuungua, moshi... Nikazima. Nikawaambia imekataa yenyewe.

Ulipoifungua mota, koili za laini mbili, zile nyaya zilizosukwa ndani, zilikuwa nyeusi tii. Za laini ya tatu safi kama mpya. Ulinieleza polepole, kama kawaida yako: laini moja ilikuwa imekatika, mbili zilizobaki zikabeba mzigo wote mpaka zikaungua. "Na taa ya ofisi," ukasema, "inakula laini moja tu. Hiyo ilikuwa nzima."

Hukuniuliza kitu. Kwenye kikao cha wakulima ulisema, "Pampu ni yangu, lawama ni yangu." Nami nikayaandika maneno hayo kwenye kumbukumbu, kwa mkono huu huu. Wakakusimamisha kazi. Mvua zilipoanza, tukakuzika Minjila.

Sasa mota imesukwa koili upya na maji yanafika mashambani. Lakini chochote kikiharibika watu husema, "Hiyo ni kazi ya Komora." Mkeo husikia. Wiki jana alileta mkoba wako wa vyombo. Chini ya testa yako ya kupimia stima nilikuta karatasi yangu, imekunjwa vilevile, ukingo umeungua, mwandiko wangu unasomeka.

Ulijua. Ulijua, Mzee, ukanisitiri, na mimi nikakuacha ufe na jina bovu.

Alhamisi kuna kikao. Nimemwomba mkeo aje. Nitaiweka karatasi ile mezani, niseme ni yangu, kisha niyaandike maneno yangu hayo kwenye kitabu kile kile cha kumbukumbu. Nakuahidi.

Pumzika, Mzee wangu. Ukitaka kunijia baadaye, usipite ofisini, sidhani nitakuwepo. Fuata mfereji kutoka kwenye pampu mpaka unapoishia, ploti ya mwisho, ile ya mkeo ambayo nayo ilikosa maji siku ile. Nimemwomba aniruhusu nimsaidie kupanda. Utanikuta hapo, nimeinama.

Karani wako