Majibu Yangu Yamesema "Chanya"

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo ndiyo mwisho wa kupeleka fomu chuo cha uuguzi, na fomu yangu shangazi ameikalia. Nilichanjwa homa ya ini B mara tatu kama chuo kinavyotaka, kisha nikapimwa damu, na karatasi imeandikwa "virusi: hasi" na chini yake "kingamwili: chanya", basi shangazi alipofika kwenye chanya hakusoma tena, akapiga kelele, "Wifi, mtoto anao!" na mama akakaa chini, mwiko mkononi. Tangu hapo kikombe changu kimepakwa rangi ya kucha kisichanganyike na vya watu, na chumba nimeachiwa peke yangu, jambo ambalo, kusema kweli, halijaniudhi. Nilimwambia shangazi kwamba shuleni tumefundishwa chanya ni kitu kizuri, akanijibu, "Fikra ndizo ziwe chanya, mwanangu, si damu." Najua ananipenda. Je, chanjo imeniambukiza? Naweza bado kuwa muuguzi?

Mwenye Kikombe Chekundu

Binti yangu, pole, na hongera. "Chanya" maana yake ni "kimeonekana", basi. Uliza kwanza nini kimeonekana. Virusi havikuonekana. Kilichoonekana ni kingamwili, yaani kinga ambayo mwili wako umeitengeneza baada ya chanjo. Chanjo hiyo haina virusi hai, haiwezi kukuambukiza. Na hata kwa mgonjwa wa kweli, ugonjwa huo hauambukizwi kwa kikombe. Kwa hiyo nyumbani kwenu anayejulikana kuwa na kinga ni mmoja tu, naye ndiye aliyetengwa na wale ambao hawajapimwa!

Lakini nawe sikuachi. Msomi mzima unapokea majibu, unaondoka bila kumuuliza mpimaji hata swali moja? Muuguzi asiyeuliza ni hatari kuliko shangazi.

Kesho asubuhi nenda maabara na mama na shangazi, mpimaji awasomee mstari kwa mstari. Wao nao wapimwe, na asiye na kinga achanjwe. Shangazi akisema haumwi, mjibu kwa adabu, "Hata mimi, shangazi." Kutoka hapo mwombe shangazi fomu yako, uipeleke mwenyewe, usimtume mtu, na karatasi ya majibu uibane juu kabisa. Hiyo chanya ndiyo chuo kilikutuma ukaitafute.