Mpaka Hajja Apone

Ndugu yangu Musyoka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako huku Saudia. Wifi yangu na watoto wanaendeleaje? Huko Kiboko mvua imefika, ama mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda Chyulu? Mimi mwili uko sawa. Moyo ndio sijui nikuambie nini.

Barua hii atakuletea Mbithe, msichana wa Mtito Andei anayefanya kazi nyumba ya jirani. Huwa tunaongea tukiwa juu ya paa, ukuta katikati yetu, tukianika nguo. Yeye mkataba wake umeisha na wamemwachilia, kwa hivyo atashuka hapo Kiboko akupe mkononi. Nimeandika kwa sababu simu napewa Ijumaa tu, na mama wa nyumba hukaa kando yangu mpaka nikate. Haya nitakayokuambia singeweza kuyasema akinisikiliza.

Kila Ijumaa nikikuuliza Mwaitu anaendeleaje, unaniambia, "Ana nafuu." Nafuu gani, ndugu yangu? Siku ile ulipomwekea simu sikioni nilimsikia Mwaitu, mama yetu, ambaye akianzisha wimbo kanisa zima lilikuwa likinyamaza, akivuta pumzi akitafuta jina langu. "Ka... ka..." Basi, hakufika mwisho. Nilitaka kumwambia asiharakishe, lakini mama wa nyumba aligonga saa yake kwa kidole nikakata. Hiyo si nafuu, Musyoka. Usinifiche. Ugonjwa huo nimeishi nao humu ndani mpaka naujua.

Wajua niliandikwa kupika na kufagia. Lakini sikukaa sana kabla mama mzazi wa tajiri wangu, tunayemwita Hajja, hajapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu. Walipomtoa hospitali, alikuja daktari wa mazoezi akanionyesha la kufanya, na tangu hapo nikawa ndiyo miguu yake. Kumgeuza kitandani asitoke vidonda, kumnyoosha vidole kimoja kimoja, kumsimamisha nikiwa nimemkumbatia kiunoni kama tunacheza densi. Mwanzo alikuwa akinitemea chakula. Lakini siku aliposogeza kidole gumba tulipiga kelele sote wawili, mpaka mpishi akakimbia kuja kuona nani amekufa. Ananiita binti. Neno lao na letu ni moja.

Mkataba wangu ulipoisha nilimwendea tajiri nikamweleza kwamba mama yangu pia amepooza, nataka kurudi nyumbani. Hakukasirika. Alisema kwa upole, "Mpaka mama apone. Akipona, siku hiyo hiyo nakukatia tiketi." Pasipoti yangu anayo yeye. Basi nikafanya kazi kama mtu anayechimba kisima. Mazoezi asubuhi, mazoezi jioni, naomba kwa Kikamba huku namsugua mguu. Akaanza kusimama. Halafu akakwama. Mkono ukalegea tena, mguu ukakataa kabisa. Nikafikiri ni mimi nimemuumiza kwa haraka zangu.

Alasiri moja nilikuwa juu ya paa naanua nguo, upepo wa mchanga ukaanza, nikashuka mapema. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Hajja alikuwa amesimama dirishani. Bila fimbo, bila mtu. Ule mkono wa kulia ulikuwa umevuta pazia, naye anaangalia magari barabarani.

Nguo zilinitoka mikononi. Akageuka, akaniona, akatembea mwenyewe mpaka kitandani akaketi.

"Hajja, umepona!"

"Nyamaza, binti."

"Umepona! Kwa nini unaficha?"

"Nikipona utaenda," akasema. "Hawa watoto wangu wananisalimia wakiwa mlangoni. Nani atakaa na mimi?"

"Mimi pia nina mama. Amelala kama ulivyokuwa umelala, na hana wa kumnyoosha mkono."

Akajifunika uso kwa mtandio akalia. Nami nikaketi chini, kwenye zile nguo, nikalia. Mwishowe akanigusa kichwa akasema, "Kesho nitasimama mbele ya mwanangu. Nakuahidi."

Asubuhi tajiri alipoingia kumsalimu nilimwambia, "Mama anatembea." Alifurahi kama mtoto. Akafungua mikono. "Simama, mama, nikuone."

Hajja aliniangalia mimi, hakumwangalia mwanawe. Kisha akaacha mdomo uende upande, mkono ukaning'inia. Mwanawe alimngojea, alimbembeleza, mama hakusogea. Ndipo tajiri akanigeukia, na ule upole haukuwepo. "Unadanganya juu ya mgonjwa ili uende kwenu?" Tangu siku hiyo lango la nje linafungwa kwa kufuli hata mchana.

Alipotoka, Hajja alinishika kifundo cha mkono. Kwa mkono wa kulia, Musyoka. Nilijaribu kujitoa nikashindwa. Vidole nilivyovinyoosha mimi mwenyewe vilikuwa vimenibana mpaka vikaacha alama. "Nisamehe, binti," alikuwa akisema, na bado haniachii.

Siwezi kumchukia. Na siwezi kubaki. Tafadhali nenda Nairobi kwa wakala aliyenileta. Usiende peke yako, nenda na chifu au mchungaji, mkae mlangoni pake mpaka apige simu huku. Mwambieni mkataba umeisha na mtu wenu hatoki. Atawafokea. Msiondoke. Nyinyi msiponitoa, simwoni mwingine.

Na Mwaitu usimwache kitandani siku nzima ukienda sokoni Emali na vitunguu. Mgeuzeni. Wifi amnyooshe vidole taratibu, hata akilia asikome. Mtoeni nje aketi kwenye jua la asubuhi. Na watu wa kanisa wakija kumwombea wasitangaze kwamba amepona. Waombe, lakini dawa ya presha aendelee kumeza.

Nisalimie wifi yangu, najua mzigo wote uko mgongoni mwake. Nisalimie jirani yetu mama Mueni anayewachotea maji, na mchungaji. Shangazi Kavata wa Kitui mwambie nimempigia magoti, kama anaweza aje akae na Mwaitu mpaka nifike.

Mwaitu mwenyewe usimsomee barua hii. Lakini akikuuliza kwa macho nitakuja lini, usimwambie nimefungiwa, wala usimtajie mwezi. Mwambie nimeshatoka, niko njiani.

Dada yako anayekutegemea,
Katunge