Skrubu ya Cherehani Chako

Somo yangu,

Nakusalimu ingawa najua zamu ya kujibu si yako tena. Ni mimi, Mwanaidi mwenzako, tuliochangia jina na wazimu wa kushona. Tangu tukuzike sijaandika kitu, kwa hiyo maneno yakienda mrama nivumilie. Kukaa chini kwenyewe kumekuwa kazi.

Nikikaa nasimama. Nikisimama nataka kutoka. Nimekata magauni matatu na hakuna hata moja lenye mikono. Asubuhi namuaga mume wangu kwamba nakwenda kununua samaki, najikuta kwenye soko la mitumba la Dunda nimeinama juu ya rundo, napindua mapazia ya Wazungu. Naanza na upindo, kama ulivyokuwa ukiniambia: "Rangi itakudanganya, somo. Tazama upindo." Nikipata shuka zito la pamba nageuka kukuonyesha. Nageuka kweli, mpaka muuzaji ananiuliza nimepotezana na nani. Narudi nyumbani bila samaki. "Mke wangu, kaa basi hata unywe chai," mume wangu ananiambia, nami nakasirika kana kwamba amenitukana.

Cherehani chako kiko kwangu. Baada ya arobaini mumeo alikileta kwa bajaji, amekipakata kama mtoto, akasema ungependa kikae huku. Ni kile kile cheusi cha kuzungusha kwa mkono, tulichokikuta kwa fundi baiskeli kimeota kutu, ukakisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka maua yake ya dhahabu yakatokeza.

Nakipangusa, nakitia mafuta. Ila skrubu ile ndogo ya kwenye kikopo cha bobini, inayokaza na kulegeza uzi wa chini, sikuigusa. Nguo zako zimetolewa sadaka, viatu vyako anavivaa mdogo wako, chumba chako kimepakwa rangi. Nikaona mahali pekee ambapo mkono wako bado umesimama ni pale kwenye skrubu. Ningeizungusha kidogo tu, ungekuwa umeondoka mara ya pili.

Basi nikawa nashona vitu vyepesi tu vinavyokubali mkazo ule, leso na foronya. Kisha akaja Saumu wako na lile pazia.

Lile la mahameli ya kijani, ulilolivuta kutoka chini ya rundo huku mama mwingine ameshika ncha ya pili na hataki kuachia. Ukaapa binti yako atalivaa siku ya kupakwa hina. Nikakuambia mahameli katika joto la Bagamoyo ni kumchemsha bibi harusi mzima mzima, ukanijibu atakaa karibu na feni. Sasa siku imekaribia, na Saumu ameliweka mikononi mwangu. "Shikamoo, mama mdogo. Mama alisema wewe ndiye utakayelishona." Nikaitikia marahaba, nikalipokea, nikalikata, nikaanza kumpiga chenga.

Mahameli ilikataa, somo. Mshono ulikunjamana, uzi ukakatika. Nikamwambia Saumu sindano ni mbovu, akaleta mpya. Nikasingizia uzi, akaleta mwingine. Nikasema mgongo unaniuma, na hapo hapo ukaanza kuniuma kweli. Nilifikiria kulipeleka kwa fundi mwenye cherehani cha umeme, nikaona haya. Kazi uliniachia mimi. Hina ni wiki ijayo na gauni lilikuwa bado vipande.

Jana alasiri Saumu alinikuta mbele ya cherehani, bisibisi mkononi, nalia. Ikabidi niseme. Nikamwambia, mwanangu, hii skrubu iko alivyoiacha mama yako, siwezi kumfuta.

Akanitazama, akaziba mdomo kwa ushungi. Nilidhani analia, kumbe anacheka.

"Mama mdogo, hiyo niliikaza mimi. Mama alipokuwa kitandani alinituma nimkungie upindo wa kanga, uzi ukawa unalegea, nikazungusha mpaka ikagoma. Alinigombeza huyo! Akasema nimemharibia cherehani."

Miezi yote hii nalinda uharibifu wa mwanao! Nilitaka kukasirika, nikaangua kicheko, tukacheka mpaka mume wangu akaja kuchungulia. Halafu kicheko kikanigeuka, nikalia kuliko siku ya mazishi, maana hata pale kumbe hukuwapo. Sikuwa na pa kukutafuta tena. Saumu alinishika mabega mpaka nikatulia.

Kisha nikailegeza. Nikajaribu kwenye kipande, nikailegeza tena kidogo. Mshono ukalala.

Leo nimeunga mabega na ubavu mmoja. Bado nasimama-simama, bado natoka hadi mlangoni bila sababu, lakini narudi kwenye kiti. Nakukumbuka mno, somo. Nimekasirika uliondoka mapema, na sijui nimkasirikie nani.

Mola akupanulie ulipolala. Nakuahidi mwanao atalivaa gauni lake kabla hina haijakorogwa, na harusi ikiisha cherehani kitakwenda kwake. Nimemwambia tayari, nisije nikabadili nia nikakikumbatia mlangoni.

Lala salama. Na pakipinda mahali kwenye gauni, safari hii usimgombeze mtoto. Ni mimi.

Somo yako,
Mwanaidi